Effie MacCuish na Penseli Yake ya Shingoni

Banda letu la kufungashia kamba wa baharini hapa Kilvarran, pwani ya Uskoti, halikauki. Maji ya bahari yanatiririka sakafuni, mezani, mpaka kwenye viwiko vyetu, na ukiandika kitu kwa kalamu ya wino, dakika tano baadaye karatasi ina madoa ya buluu kama shati la mtoto wa darasa la kwanza. Penseli haijali maji. Ndiyo maana Effie MacCuish, niliyesimama naye meza moja kwa miaka kumi na tisa, alifunga penseli yake kwa uzi wa kushonea nyavu akaivaa shingoni. Marehemu mumewe alikuwa akisema analala nayo, na yule bwana hakuwa mtu wa mzaha.

Alizaliwa kisiwa cha Uist, wa tano kati ya saba, nyumba ya mwisho kabla ya maji. Shule aliacha ana miaka kumi na mitano, si kwa ujinga, ila nyumbani walihitaji mikono. Alichambua samaki bandarini Mallaig, akapika kwenye hoteli ya wavuvi wa samoni, akaolewa na fundi injini wa huku kwetu, na tangu hapo hajaondoka. Sasa ana miaka sitini na mmoja, mabega kama ya mpiga makasia, na ulimi ambao mchungaji mwenyewe huuzunguka kwa mbali.

Kamba wetu si wale wadogo wa kukaangwa na vitunguu. Ni warefu, rangi ya chungwa, wana magando mawili kama mikasi, na ukiwaweka wawili pamoja watakatana kabla hujageuka. Kwa hiyo kila mmoja anaingizwa kwenye kijumba chake cha plastiki, mkia chini, kichwa juu, na anasafiri hai. Watu wa hapa hawawali. Ukimpa mzee wa Kilvarran sahani ya kamba atakuuliza samaki yuko wapi. Wanaowala ni Wahispania, nao wanawataka wanapiga mateke.

Hapo ndipo Effie alipokuwa malkia. Alimshika kamba, akamgusa mkia kwa kidole gumba mara moja, akasikiliza kwa kidole, halafu akasema, "Twende," au, "Huyu hafiki." Ambaye Effie alisema hafiki aliwekwa kando, tukamchemsha mchana. Sikuwahi kumwona akikosea.

Nduguye, Lachie, mdogo wake kwa miaka mitatu, ana mashua na madema mia nane ya kutegea kamba. Ilipokuja kura ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, Lachie alipiga ya kutoka, tena kwa mbwembwe, na bango akafunga mlingotini.

"Bahari yetu, samaki wetu," alikuwa akituambia akishusha makreti.

"Na utamuuzia nani, wewe?" Effie alimuuliza. "Kondoo?"

"Wahispania watakuja kwa magoti, dada. Watapata wapi kamba kama hawa?"

"Na wasipokuja?"

"Watakuja."

Siku matokeo yalipotangazwa Effie alimwondolea kikombe chake kwenye msumari jikoni mwa banda, akakiweka kabatini. Karibu miaka mitano Lachie hakunywa chai ya dada yake. Walisalimiana, walipimiana kamba, Jumapili walikaa benchi moja kanisani. Lakini chai, hapana. Kwetu hilo ni jambo zito kuliko kutukanana.

Zamani kazi ilikuwa nyepesi. Lori lilitoka jioni na karatasi moja ya idadi, na keshokutwa asubuhi Xurxo, mnunuzi wetu wa Vigo, Uhispania, alikuwa anapanga kamba wetu sokoni. Alinunua kwetu miaka ishirini. Kila Krismasi alimtumia Effie mguu mzima wa nyama ya nguruwe iliyokaushwa, naye Effie alimtumia keki nzito ya matunda ambayo sidhani kama yule bwana aliwahi kuimaliza.

Kisha ukaingia ule mwaka wa kwanza tukiwa nje. Januari mzigo wetu ulikaa siku mbili kwenye kituo cha ukaguzi karibu na Glasgow kwa sababu kompyuta ziligoma. Ukafika umekufa. Wiki mbili baadaye mzigo wa pili ulikuwa safi, lakini kwenye lori lilelile kulikuwa na mfanyabiashara mwingine, wa kome, aliyeandika idadi isiyolingana na makreti yake. Lori halivuki nusu. Wote wakasubiri kwa kosa la mmoja. Xurxo akafungua makreti Vigo, akaziba pua, akapiga simu.

"Effie, mimi nakupenda," alisema, na sote tulisikia maana simu ilikuwa imewekwa juu ya ndoo, sauti wazi. "Lakini wateja wangu hawali maiti. Nileteeni mara moja tena. Wakifika wamekufa, nanunua kwa Wairishi. Wao wako ndani ya Umoja bado, hawana makaratasi."

Torquil, mwenye banda, alikaa juu ya kreti. Ni kijana mpole, alirithi banda kwa baba yake pamoja na paa linalovuja.

"Wakifa hawa na mimi nafunga," alisema. "Siwezi tena."

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja pale mezani, na mashua tisa zilizoleta kamba kwetu. Mmoja alizima redio.

"Nipe hizo karatasi," Effie alisema. "Watoto wenu wa chuo hapo ofisini wamezijaza mara mbili, na mara mbili kamba wamefika wamekufa."

Alizisoma Jumamosi nzima, ukurasa kwa ukurasa: cheti cha afya, fomu za forodha, orodha ya makreti, tamko la mfungashaji. Jumapili hakuzigusa, maana kwetu Jumapili hata nguo hatuaniki. Jumatatu alisimama mezani, akawapima kamba kwa kidole gumba kwa ukali ambao sijapata kuuona, na kila kreti lilipofungwa aliandika uzito wake palepale kwenye orodha. Makreti arobaini na sita. Hakuna mstari uliopinda. Mwisho akatia saini tamko, akaweka vyote kwenye mfuko wa plastiki, akabusu mfuko. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi lori likaondoka.

Saa nne na robo simu ikalia. Alikuwa daktari wa mifugo wa kituoni, mwanamke, jina lake Ruxandra. Pasipo saini yake na muhuri wake hakuna kamba anayevuka.

"Nani ameandika hizi karatasi?"

"Mimi," Effie alisema. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mama. Ni safi kuliko zote nilizoziona tangu Januari. Lakini umeandika kwa penseli."

Effie alijishika kifuani. Penseli ilikuwepo, inaning'inia palepale inaponing'inia siku zote. Tulikuwa tumeitazama siku nzima sote kumi na mmoja, na hakuna aliyeiona.

"Basi pitishia wino juu, mwanangu."

"Nikipitisha mimi ni kughushi. Orodha na tamko ni vyako, na saini ni yako. Penseli inafutika. Siwezi kugonga muhuri juu ya kitu kinachofutika."

"Lori kubwa la kuvuka Ulaya linaondoka lini?"

"Saa nane kamili. Na linabeba mizigo ya watu wengine kumi na wanne. Halitakusubiri."

Kutoka Kilvarran mpaka pale ni saa tatu barabara ikiwa kavu, na siku hiyo mlimani kulikuwa na theluji. Torquil alikuwa Inverness. Effie haendeshi gari. Mimi naendesha, lakini gari langu lilikuwa juu ya mawe linasubiri gurudumu. Tukageuka, na mlangoni tukamwona Lachie. Dhoruba ilikuwa imemzuia kwenda baharini, na alikuwa amesikia yote.

"Nitakupeleka," alisema.

"Sijakuomba."

"Najua. Ndiyo maana nimejitolea, ningesubiri kuombwa ningezeeka hapa. Ingia garini, dada."

"Dolina, na wewe njoo," Effie aliniambia. "Niwe na mtu wa kuzungumza naye."

Nikakaa nyuma na dema bovu na mbwa. Mlimani tukakuta mbele yetu gari la kusukuma theluji, linakwenda mwendo wa maiti, na nafasi ya kulipita hakuna. Lachie akapiga usukani kwa kiganja.

"Nilidhani watatuachia mlango wazi," alisema ghafla.

"Nani?"

"Hao wa Ulaya. Nilidhani tunatoka, lakini mlango unabaki wazi kidogo."

"Baada ya wewe kuubamiza?"

"Sikuubamiza mimi peke yangu."

"La. Lakini wewe ndiye niliyekusikia."

Mbwa akapiga miayo. Lachie akasema polepole, bila kumtazama, "Nimeuza madema mia mbili wiki iliyopita. Sikutaka kukwambia."

Effie alivua glavu zake, akaziweka juu ya kitoa joto, na zilipopata moto akazisukuma upande wa ndugu yake. Lachie akazivaa. Zilikuwa za waridi.

Tulifika saa saba na dakika arobaini. Mlinzi akatutaka tuvae barakoa, maana korona ilikuwa haijaisha. Effie akajifunga skafu usoni kama jambazi, akaingia. Ruxandra alikuwa msichana mdogo tu, pua nyekundu kwa baridi, makoti mawili. Alitandaza karatasi mpya mezani kando ya zile za zamani.

"Nakili hapa. Kila kitu, kisha saini. Haraka, mama."

Effie akainama, na mkono wake, mkono uliofanya hivyo miaka yote, ukapanda shingoni ukashika penseli.

"Dada, we!" Lachie alipiga kelele mpaka wapakia mizigo wakageuka.

Ruxandra hakucheka. Alinyoosha kiganja. "Nipe hiyo kwanza," alisema, kama mwalimu anayenyang'anya kombeo. Effie akavua uzi kichwani, akamkabidhi, na akapewa kalamu ya wino wa buluu. "Buluu," alisema daktari, "kwa sababu chapa ni nyeusi. Saini ikiwa nyeusi wanarudisha pia."

Effie akaandika. Mistari arobaini na sita, vidole vimekakamaa, na ncha ya ulimi nje. Ruxandra alifuata nyuma yake na muhuri, ukurasa baada ya ukurasa, ta, ta, ta.

"Na wewe ni mtu wa wapi, binti?" Lachie aliuliza, kwa kuwa hawezi kukaa kimya.

"Romania."

Lachie alifikiri. "Yaani tulitoka Ulaya, sasa kamba wetu hawatoki mpaka Ulaya itie saini?"

"Afadhali umelisema wewe," Effie alisema bila kuinua kichwa.

Saa nane kasoro dakika nane alimaliza. Makreti yetu yalikuwa yakipandishwa, na Effie akakimbilia la juu kabisa, akainua kifuniko. Kidole gumba kikapita vichwani. Kikasimama.

"Huyu hafiki," alisema, tayari ameshamchomoa. "Na huyu wa kona."

"Usiguse!" Sasa nilikuwa mimi niliyepiga kelele. "Uzito umeshauandika! Kwa wino!"

Alisimama na kamba wawili mkononi. Sijui kama mnaelewa ilivyomuuma. Miaka thelathini na zaidi hakuwahi kuruhusu kamba mgonjwa atoke kwa jina lake. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akawarudisha kwenye vijumba vyao, na kifuniko akakibana mwenyewe. Mlango wa lori ukafungwa. Saa nane kamili lilipita getini, nasi tukabaki tumesimama kwenye tope la theluji kama watu waliosindikiza bwana harusi.

Jumatano hakukuwa na habari. Alhamisi asubuhi tulikuwa mezani, tunafunga mzigo mdogo wa hoteli ya Edinburgh, kila mtu anajifanya ana kazi. Simu ikalia juu ya ndoo.

"Effie!" Ilikuwa kelele ya soko lote la Vigo. "Wanapiga mateke! Mmoja amemkata kidole kijana wangu! Wazima, Effie, wazima wote!"

Sikumbuki nani aliyeanza kulia. Torquil alikaa tena juu ya lile kreti lake, safari hii akicheka na kujifuta uso kwa aproni.

"Wote?" Effie aliuliza.

"Basi, wawili wamekufa. Wawili tu, kreti la juu—"

"Yule wa katikati, na wa kona ya kushoto."

"Umejuaje?" Xurxo akauliza.

"Wiki ijayo utanikata bei yao," Effie alisema. "Na agiza mzigo wako mapema, niandike nikiwa na mikono mikavu."

Sisemi mambo yalirudi kama zamani. Banda la jirani zetu kule ng'ambo ya ghuba lilifungwa mwezi huohuo, na mashua tisa zetu sasa ni saba. Kila mzigo una gharama ya cheti, na paa Torquil bado hajaliziba. Lakini tuko mezani sote kumi na mmoja, na kila Jumanne lori linaondoka. Effie anapima, anaandika kwa penseli mpya, kisha anakausha mikono, anaingia ofisini, anafunga mlango na kunakili yote kwa wino wa buluu. Ile ya zamani Ruxandra ameitundika ukutani kwake, madereva wametuambia.

Alhamisi ile, baada ya simu, Lachie aliingia na makreti yake. Effie alikwenda kabatini, akatoa kikombe, akapuliza vumbi la karibu miaka mitano, akakiosha mara mbili, akamimina chai.

"Sukari?"

"Dada, umesahau hata sukari yangu?"

"Vijiko vitatu, sijasahau. Nauliza kama daktari amekukataza."

"Amenikataza."

Akamtilia vitatu, akakoroga kwa penseli mpya.