Samaki wa Kupaka wa Bwana Nasoro

Jamani, leo nimemwaibisha mtu mbele ya wateja wake, na tangu adhuhuri sijatulia. Nikikaa nasimama, nikisimama nakaa.

Mnaujua mgahawa wa Bwana Nasoro, pale Dunda. Miaka saba nala samaki wa kupaka kwake, na kila nikimaliza namwambia, "Una mkono, bwana!"

Naye hucheka tu.

Leo nimetia tonge la kwanza mdomoni. Chumvi tupu, na tui limekatika!

Nikapaza sauti kwa utani, "Bwana Nasoro, leo umetupikia nini?"

Akatazama chini. "Dada yangu hayupo. Kahama kwangu juzi."

Wateja wote wakageuka. Gramafoni ikabaki inaimba peke yake.

Kumbe siku zote mpishi ni dada yake, Bi Zuhura, nyuma ya pazia, na sifa tunampa kaka mtu!

Nikala sahani nzima kwa haya. Kurudi kazini sikuweza. Nikauliza njia mpaka nikamkuta Bi Zuhura barazani kwake, mbele ya jiko la mkaa.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Umeshakula?"

Nikasema bado. Uongo mtupu, na tumbo limejaa!

Akanipakulia. Nilipoonja tu, nikashindwa kumtazama usoni. Nikamwambia kwamba miaka yote hiyo nimemsifu asiyepika.

"Nilikuwa nakusikia," akasema. "Kula, samaki anapoa."

Sasa niambieni nyinyi, kesho nile wapi?