Kidole cha Feza

Asubuhi ile tuligombana kwa sababu ya sabuni. Mke wangu, Feza, alisema nimeiacha kwenye maji mpaka imekuwa uji. Mimi nikasema sabuni yenyewe ilikuwa mbovu tangu dukani. Alicheka, akajifunga kitenge, akatoka kwenda kazini bila kuaga. Hakuwa na hasira. Ndivyo alivyokuwa: akikushinda kwa maneno anaondoka haraka, kabla hujapata la kujibu.

Tulikaa mji wa kando ya ziwa, mashariki ya Kongo, na sote tulifanya kazi katika kiwanda cha mablanketi. Mimi nilikuwa ghalani, nafunga mizigo. Yeye alikuwa kwenye mashine za kufuma, na mashine moja ilishawahi kumkata kidole gumba cha kulia, kikapona na kovu lililopita mshazari. Kwetu Kongo feza ndiyo pesa, kwa hiyo wenzangu ghalani hawakunipa nafasi ya kupumua. "Umeoa Feza, mbona huna feza?" Utani uleule kila mwisho wa mwezi, nami nilikuwa nakereka kweli. Leo natamani angekuwepo hata mmoja wao wa kunitania.

Mchana tulisikia milio ya risasi, na mashine zikazimwa. Nikatoka ghalani kumtafuta Feza. Wanajeshi walikuwa wameshafika getini, na hawakuwa wa nchi yetu.

Wakatuamuru tukae chini, mikono ionekane.

Mtunza bustani alikimbia. Hakufika ukutani.

Sisi tuliokaa tulibaki hai. Mwili wangu ulilishika jambo hilo.

Baada ya mazishi kiwanda kilifunguliwa tena, safari hii kwa ajili yao. Mablanketi yote yakawa ya jeshi. Mishahara ikafutwa, tukawa tunalipwa boni, vipande vya karatasi vyenye mhuri, vilivyokubaliwa katika duka moja tu, la kwao, lenye unga ulioingia wadudu. Ili tusiibiane, kila mfanyakazi alichovya kidole gumba kwenye wino wa zambarau akagandamiza nyuma ya boni yake, na dukani wakawa wanalinganisha. Kamanda wao alitukusanya uwanjani akatangaza, "Hii ndiyo feza yenu sasa." Feza akaninong'oneza, "Mwambie Feza alishaolewa." Nilibana mdomo mpaka mbavu zikaniuma.

Tuliishi hivyo, mvua zikaja zikaisha, zikaja tena. Vita vilipoanza kuwashinda, wakaleta malori kung'oa mashine. Waliwataka na wafumaji wanaojua kuzifunga upya.

Feza alikuwa mmoja wao.

Nikaamriwa kupakia mashine, nikapakia. Yeye alikuwa ameshakaa juu, kwenye rundo la mablanketi. Hakulia. Aliniinamia akasema, "Ule unga ufunike. Panya."

Lori likaondoka.

Katika wale wafumaji hakurudi hata mmoja, na mpaka leo hakuna anayejua walifikishwa wapi. Kabla hawajaondoka kabisa wanajeshi walichoma mtaa wetu, na nilivuka ziwa na nguo nilizovaa. Picha ya harusi iliungua. Kitambulisho chake kiliungua. Sikuwa na kitu chochote cha kumwonyesha mtu na kusema, huyu hapa, alikuwepo.

Miaka ikapita, nikajikuta Uchina, mji wa Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, katika ofisi ya mizigo, nafunga marobota ya wafanyabiashara yanayokwenda Mombasa na Dar. Kazi ileile ya ghalani, ukitaka ukweli. Ulikuwa mwaka uliofuata michezo ya Olimpiki ya Beijing, na polisi walikuwa wamekaza kwelikweli: ukaguzi barabarani, ukaguzi ngazini, pasi ziko wapi. Viza yangu ilikuwa imekwisha siku nyingi. Nilikuwa mpweke, acha niseme wazi. Jumapili nilipiga namba ya kampuni ya simu nisikilize ile sauti ya mwanamke ikitaja salio. Sikuelewa hata neno, lakini ilikuwa sauti inayozungumza na mimi.

Siku moja nilipita kwa mzee mmoja wa Kichina anayeuza vitu vya kale. Mezani pake niliona vikaratasi vyenye mihuri ndani ya nailoni, nikasimama kama niliyepigwa msumari. Mzee akaonyesha kwa vidole: bunduki, kiwanda, bakuli la wali. Baadaye niliambiwa zilikuwa boni za wakati jeshi la Kijapani lilipoukalia mji huu. Aliinua moja iliyochakaa, ambayo hakuiuza kwa mtu yeyote, akasema neno lisilohitaji mkalimani: "Mama."

Hapo ndipo nilipoanza kukusanya. Yeye zake, mimi zetu. Kila mfanyabiashara aliyetoka upande wa ziwa nilimwomba akirudi nyumbani awaulize wakimbizi: nani ana boni za kiwanda cha mablanketi? Watu walikuwa wamezihifadhi, kwenye Biblia, chini ya godoro, sijui wakitumaini nini. Zikawa zinanifikia mbili tatu, na kila moja niliigeuza nyuma kwanza. Nilitafuta kidole chenye kovu. Mama Neema, mama wa Kigoma anayenunua nguo Zhanqian Road, alikuwa akinicheka: "Kaka, wenzako wanakusanya dola, wewe unakusanya takataka!" Lakini ndiye aliyeniletea nyingi kuliko wote.

Ndiye aliyeileta hata ile niliyoitafuta. Ilikuwa katikati ya kifurushi, imekunjwa mara nne. Nikaigeuza. Kidole gumba cha zambarau, na kovu limekikata mshazari.

Nilimwita Feza kwa sauti, pale ofisini, mbele ya watu. Mama Neema akawaambia wateja watoke kidogo, akanishikia kiti. Tangu siku hiyo boni ile ilikaa kwenye mfuko wa shati, pamoja na pasi. Usiku nilikuwa naweka gumba langu juu ya gumba lake. Mtu mzima mimi, nafanya hivyo, na sikuona haya.

Kisha siku moja, mchana kweupe, mtu akapiga kelele huko chini: "Jingcha!" Polisi.

Ofisi nzima ikapukutika. Wengine mlango wa nyuma, wengine juu ya paa.

Nikasikia viatu vizito ngazini.

Mimi nilikaa chini, nikatoa mikono ionekane.

Kituoni waliniwekea vitu vyangu mezani: simu, ufunguo, pasi, boni katika nailoni yake. Askari mmoja akaichomoa akaitazama kwenye taa. Noti bandia zilikuwa balaa mjini mle.

"Qian?" akauliza. Pesa?

Hilo nililijua. Nikatikisa kichwa kwa nguvu: hapana, si feza, wala msinitie katika kesi hiyo.

Akaniuliza tena, polepole, kwa upole hasa: "Yao bu yao?" Unataka, hutaki?

Kichina changu chote nilikiokota sokoni, na sokoni swali hilo lina jibu moja. Muuzaji anakusogezea kitu roho inachokipenda, wewe unageuza uso kama umeletewa uchafu. Bu yao. Sitaki. Ukionyesha unataka, umekwisha. Ulimi wangu ulilizoea neno hilo kuliko jina langu mwenyewe.

"Bu yao," nikasema.

Akaichana vipande, nadhani isije ikamdanganya mtu, akaitupa kwenye ndoo yenye majani ya chai. Mfagiaji alikuwa anapita. Akaichukua ndoo akatoka nayo.

Ndipo nikashtuka. Nikasimama nimeshika kifua nikipiga kelele, "Yao! Yao!" Nataka, jamani, nataka! Machozi yalikuwa yananitiririka. Askari wakatazamana. Yule wa kwanza akatoka mbio, akarudi na kikombe cha maji ya moto na kidonge cheupe.

Mama Neema ndiye aliyenieleza baadaye. Yao ni kutaka, na yao ni dawa, yanatamkwa vilevile. Wale watu walidhani naumwa moyo, wakanihurumia. Askari alinishika bega akasubiri. Nami nikakimeza kile kidonge.

Halafu wakanisogezea maelezo nisiyoweza kuyasoma, pamoja na kisahani cha wino mwekundu. Nikagandamiza gumba langu.

Walinirudisha Afrika. Sasa nakaa Kigoma, na boni nyingine zote ninazo, maana Mama Neema alizikomboa chumbani kwangu. Watu huja. Mwanamke mmoja alimtambua kaka yake kwa kidole kisicho na ncha, akaondoka na boni yake ameifunga kwenye pindo la kanga. Simzuii mtu. Akishatoka nafunga mlango na kukaa.

Sijui kama Feza angenilaumu. Angenicheka, nadhani, kisha angeondoka haraka. Kinachonitesa ni kitu kidogo. Alama ya kidole hugeuka: kovu lililolalia kushoto mkononi, karatasini linalalia kulia. Zamani nilijua lake lililalia wapi. Lakini niliitazama mno ile boni, na sasa nikifumba macho sijui kama naona mkono wa mke wangu au naona karatasi. Nimechora kwa kalamu kwenye gumba langu, huku na huku, na sijapata jibu. Hakuna mtu mwingine wa kumuuliza.