Masweta Waliyovuliwa Watoto wa Mgeta

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti mjini Morogoro nikiwa na mkoba mmoja na cherehani ya mkono niliyopewa chuoni. Mkuu wangu, tuliyemwita Ndugu Afisa, hakuniambia hata niketi. "Wewe ni Bibi Maendeleo sasa," alisema. "Panda Mgeta ukawafundishe akina mama kujishonea na kujifumia. Kujitegemea kuanzie mwilini." Maneno yale niliyapenda. Niliyaamini kuliko yeye mwenyewe alivyoyaamini, kama mtakavyoona.

Nyinyi mnaodhani milima ya Uluguru ni ya kupigia picha tu, nendeni Mgeta mwezi wa sita. Ukungu unaingia mpaka jikoni. Watoto walikwenda shule wamejifunga vipande vya khanga shingoni, midomo imepauka. Nguo zilikuwa adimu. Kitambaa kikiletwa duka la ushirika kilikuja kwa mgao, na uzi wa sufu haukuja kabisa.

Kwa hiyo tulianza na tulichokuwa nacho. Sindano za kufumia tulizitengeneza kwa njiti za magurudumu ya baiskeli, tukazisugua kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini. Uzi tuliupata kwenye masweta makuukuu ya wazee: tuliyafumua, tukaufua ule uzi, tukauanika ukiwa umefungiwa jiwe ili mikunjo iishe, ndipo tukauviringa. Niliwafundisha kufuma kifua na mgongo kwanza. Mikono hufumwa peke yake, kisha huunganishwa begani kwa sindano ya kushonea. Walifuma wakitoka shamba, walifuma wakisubiri maharage yaive. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Mkude, alimfumia binti yake Tekla sweta la mistari ya kahawia na kijani, kwa sababu hakuna rangi moja iliyotosha. Tekla alikuwa na kifua kibovu tangu utotoni. Siku alipolivaa alizunguka nyumba kwa nyumba akijionyesha.

Baridi ilipoanza kukaza, Ndugu Afisa alipanda na Landrova kutukagua. Aliwaona watoto, akapiga makofi. Kisha akasema masweta yote yanatakiwa mjini kwenye maonyesho.

"Ndugu Afisa," Mama Mkude alisema kwa adabu, "baridi ndiyo kwanza inaanza. Hatuwezi kuleta baadaye?"

"Mama, hii ni heshima ya kijiji chenu. Maonyesho yakiisha yatarudi."

Nani angembishia mtu wa serikali mbele ya katibu kata aliyefuatana naye? Watoto walivuliwa palepale uwanjani. Tekla alishikilia pindo la sweta lake akilia, mama yake akambandua vidole kimoja kimoja huku akitazama pembeni. Mimi niliyakunja na kuyapanga ndani ya gari.

Maonyesho yalikwisha. Tulingoja. Tekla alianza kukohoa, akalala ndani, na kila nilipopita kwao Mama Mkude aliniuliza swali moja tu: "Bado?" Mwishowe niliteremka mjini.

Nilimkuta Ndugu Afisa ofisini anakunywa chai. Baadhi ya masweta yalikuwa yamepigiliwa misumari ukutani.

"Shikamoo, Ndugu Afisa. Nimefuata masweta."

"Ah, hayo. Mengine tuliwazawadia wageni kutoka Dar es Salaam. Yaliyobaki tunawawekea wageni wajao."

Dar es Salaam! Mahali ambapo mtu analala dirisha wazi akijipepea! Nilimwambia kuna mtoto anaumwa kifua. Akatabasamu. "Akina mama si wanajua kufuma? Watafuma mengine."

"Kwa uzi gani, Ndugu Afisa?"

"Unabishana na ofisi?"

Nilivuta kiti chake cha wageni, nikapanda juu, nikaanza kung'oa misumari. Alisimama, akafoka, "Ukitoka na hizo nguo, ujue huna kazi na mimi!" Niliyafunga kwenye khanga yangu, nikatoka nayo mchana kweupe. Wapiga chapa waliacha kupiga chapa.

Kule mlimani tuliyatandaza kwenye mkeka wa Mama Mkude. Hayakutosha watoto wote, na la Tekla halikuwemo. Wanawake wakayapekua moja moja. Kisha mmoja ambaye la mwanawe lilikuwepo alilichukua, akafumua mshono wa begani, akatoa mkono mmoja, akatoa na wa pili. "Wangu atavaa kizibao," alisema. "Uzi wa mikono hii umtoshe mwingine." Wenzake wakafanya vivyo hivyo. Jioni ile njiti za baiskeli hazikutulia. Tekla alipata kizibao cha rangi tatu, na kifua kilipotulia akarudi shule.

Mimi nilihamishiwa Ngerengere, kwenye joto, nikashone mapazia ya ofisi na vitambaa vya kufunika redio za wakubwa. Walidhani wananidhalilisha. Kila nilipopata wake za wafanyakazi wa reli wenye nafasi, niliwafundisha kukata kaptula za watoto wao na kupinda mapindo, na mwenye ofisi akasubiri pazia lake.

Sasa nimestaafu, naishi Mafiga, hapa Morogoro mjini. Nimewashonea wajukuu nguo za sikukuu mpaka macho yamegoma. Hasira haijagoma. Siku ya kuniaga ofisini, mkuu mpya, kijana mwenye suti, alisoma hotuba nzuri. Alisema zamani wananchi walikuwa na moyo, hata akina mama wa Mgeta walijitolea masweta ya watoto wao kwa ajili ya taifa. Watu wakapiga makofi.

Nilinyanyuka kabla sijakaribishwa.

"Mwanangu, futa hapo," nilisema. "Hawakujitolea. Walinyang'anywa. Nilikuwepo, na yule mtoto alikuwa analia."

Nilibaki nimesimama mpaka akachukua kalamu akafuta.