Nyota Aliyoiona Baba Mdogo Mikumi

Safari hii niliianza kwa aibu, ingawa nilirudi nikicheka. Mwaka 1987, masika yakikaribia, baba yangu mdogo Yohana aliniandikia barua kutoka Mikumi. Kazi yake pale stesheni ilikuwa kuongoza treni, mchana kwa bendera, jioni kwa taa. Alisema ameona nyota mpya upande wa kusini, stesheni masta amemwambia macho yake yamezeeka, hayafai tena kuongoza treni, na Jumatatu barua ya kuomba aondolewe kazini itapanda treni kwenda kwa wakubwa. "Wewe mwalimu, njoo uangalie." Nami, mwalimu mzima, nilicheka. Nikaikunja barua yake na kuitia chini ya mguu wa meza yangu iliyokuwa ikiyumba, nyumbani Magomeni, Kilosa.

Alhamisi jioni ndipo nilipoadhirika. Maduka yetu yalikuwa yameanza kupata tena vitu vilivyoadimika, sabuni, sukari, hata betri, na redio yangu iliyokuwa bubu miezi mingi ikapata sauti. Mtangazaji akasema nyota kubwa imelipuka katika galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, na kwamba mlipuko wa kuonekana kwa macho matupu namna hiyo haujatokea kwa karibu miaka mia nne. Atazamaye kusini ataiona. Nilinakili kila neno kwenye daftari.

Jumamosi saa mbili asubuhi treni ilikuwa imeshanipita, kwa hiyo nikapanda lori la mfanyabiashara wa mitumba. Nilikaa juu ya marobota, nimepakata miche miwili ya sabuni ya baba mdogo. Tulipofika kijiji cha Ulaya dereva alipaza sauti: "Wa Ulaya washuke! Leo pasipoti hatuulizi!" Akina mama wa marobotani walicheka kana kwamba hawajawahi kuusikia utani huo, na najua wanausikia kila wiki. Nilicheka nao, lakini jicho langu lilikuwa kwenye mawingu. Mvua ikishika mpaka Jumatatu, mzee wangu hana kazi.

Saa kumi jioni, Mikumi. Nilimkuta ananyoosha bendera zake kwa pasi ya mkaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Barua yangu ilifika?"

"Ilifika, baba." Ilifikia wapi, sikuthubutu kusema.

Saa kumi na moja mvua ikamwagika. Baba mdogo alikunywa chai yake taratibu, mimi nikizunguka ukumbi kama kuku anayetaka kutaga. Jua lilipozama mvua ikakatika, na anga la kusini likabaki safi.

Saa moja na nusu tulisimama kando ya reli iendayo Kidatu. Stesheni masta, tuliyemwita, alikuja na miwani yake, mtu mpole ila mbishi. Mara nikaona nyota kubwa inang'aa, nikaruka: "Ile pale!"

Baba mdogo akanicheka. "Hiyo? Hiyo nimeikuta hapa tangu reli inafunguliwa. Mwalimu, punguza haraka. Zimeni taa, hesabuni mia moja kimyakimya."

Ndivyo alivyofanya kila jioni akiingoja taa ya treni itokee gizani: hakuiamini nuru yoyote kabla macho hayajazoea. Tulihesabu.

"Sasa, shukeni chini ya ile kubwa. Mnaona kiwingu kisichosogea? Pembeni mwake kuna nukta. Ile haikuwepo."

Nikalimulika daftari langu kwa tochi na kumpa stesheni masta asome mwenyewe. Alisoma polepole: kusini, pembeni mwa galaksi ndogo inayoonekana kama kiwingu. Akakohoa. Tukazima, tukahesabu upya. Mimi niliiona kwenye sabini na kitu, ndogo, tulivu, nikapiga kigelegele peke yangu porini. Nuru ile ilikuwa njiani kabla hapajawa na reli, wala Mikumi, wala mtu wa kuiita nyota, na wa kwanza kuipokea pale stesheni alikuwa baba mdogo.

Stesheni masta alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akavua tena. Alihesabu mia tatu nzima.

"Mzee Yohana," akasema hatimaye, "mimi siioni."

"Basi bwana mkubwa, Jumatatu tumpeleke nani kupimwa macho?"

Stesheni masta mwenyewe akaangua kicheko mpaka akashika nguzo. Barua aliitoa mfukoni papo hapo, akaichana.

Jumapili nilirudi kwa lori lile lile, na pale Ulaya nilicheka kuliko wote. Nilijifunza kwamba mtu anayetazama mahali pamoja kila siku akisema kuna kipya, ukatazame kwanza, kicheko kitakungoja. Nilipofika nyumbani nilipiga magoti, nikaitoa ile barua chini ya meza na kuipangusa. Ndani, chini ya jina lake, alikuwa amechora kiwingu na nukta pembeni. Meza inayumba hadi leo.