Kichwa Kilichonyolewa Kabla ya Kilio

Zamani, mwanaume wa Butembo aliyepata upara alisalimiwa kwa mikono miwili na kupewa kiti chenye mgongo. Siku hizi anajificha chini ya kofia kama mtu aliyeiba mbuzi.

Paulin Kahongya alikuwa mtu wa siku hizi, ingawa alizaliwa kule juu Kipese, kwenye baridi na ukungu, na baba aliyejua thamani ya kichwa. Alikuwa amepita miaka hamsini, ana mke na wajukuu, na duka la vipuri vya pikipiki huko Bulengera, mjini Butembo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kushuku tu. Mteja akimpa noti, aliigeuza na kuigeuza tena mbele ya jua. Mama aliyemuuzia chai alitakiwa aionje kwanza. Na akinyolewa, aliokota nywele zake sakafuni, akazifunga katika karatasi na kwenda kuzizika nyuma ya choo, asije mtu akazichukua na kumfanyia jambo. Hilo alifundishwa na marehemu mama yake, na katika yote aliyofundishwa nyumbani, ndilo pekee alilolishika.

Mambo yalianzia kwenye picha ya arusi. Mpiga picha alipanda juu ya ukuta ili awapate watu wote, na picha ilipofika katika simu ya Delphine, mke wa Kahongya, katikati ya vichwa vyote kimoja kilikuwa kinang'aa kama sahani iliyooshwa.

«Huyu muzee ni nani?» Kahongya akauliza.

Delphine akaitazama simu, akamtazama yeye, akajiziba mdomo. Alimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, kama siku zote.

«Papa Agar! Hauko unajijua?»

«Mimi?»

«Mais ni weye! Mungu ameanza kufungua dirisha, aone ndani ya hii kichwa muko nini.»

Kahongya hakucheka. Aliwaza: amelijua hili tangu lini? Na kwa nini alinyamaza? Usiku na mchana akawa anajipapasa kutoka kipajini hadi utosini. Kilichomuuma zaidi ni baba yake. Mzee Syauswa alikuwa amepita themanini, na nywele zake zilikuwa nzito kama nyasi za paa. Basi upara huu umetoka wapi? Akaishuku mashine ya kinyozi. Akalishuku bomba la maji. Akamshuku Zorobabel, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, ambaye wateja wake walikuwa wakipungua na ambaye, hivi karibuni, alikuwa akimsalimia kwa upole usio wa kawaida.

Kahongya hakumtaka daktari wa Butembo. Ukinunua dawa Butembo asubuhi, kufika saa sita muuza makaa anajua ugonjwa wako. Akamwambia mkewe anakwenda Beni kutazama mzigo, akapanda gari, akaenda kwa daktari mmoja mwanamke aliyeitwa Ngalula, mtu wa Kasai, aliyetumwa huko na Serikali.

Ngalula akamwinamisha kichwa kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku.

«Papa, bajomba bako, bandugu ya mama yako, habakuwa na upara?»

Kahongya akainua kichwa ghafla. «Nani alikuambia mambo ya bajomba bangu?»

«Hakuna mutu. Hii kitu inafuataka damu, ata damu ya mama.»

Kisha akamweleza njia zilizokuwapo. Kuna dawa: ya kupaka asubuhi na jioni, na kidonge cha kila siku. Haina haraka, miezi mingi ingepita kabla ya kuona kitu, na siku akiiacha, nywele zilizorudi zitaondoka tena. Na kuna kupasuliwa: wanazitoa nywele za kisogoni, mojamoja, wanazipanda mbele. Lakini nywele za zamani zilizobaki zitaendelea kuanguka, hivyo hata aliyepasuliwa hana budi kushika dawa.

«Donc anza na dawa,» akasema. «Ikikosa kukusaidia, njo tutaongea ya kupasua.»

«Na hii kidonge, mubaya yake ni nini?»

«Batu kidogo, hamu ya bibi inapunguka. Ukisikia vile, unaacha, unakuja kuniona.»

Mwanamke yule alisema kweli yote, hata ile isiyouza dawa. Lakini Kahongya alisikia lile neno la mwisho tu. Njiani kurudi Butembo, chupa ikiwa mfukoni, alilipanga lote. Mshahara wa Serikali haumshibishi mtu. Basi daktari anatafuta mteja wa maisha. Dawa isiyokwisha ni kamba ya mbuzi: anayeishika kamba ndiye mwenye mbuzi. Na tena atoke Kasai kuja kumnyang'anya uanaume wake! Kidonge akakitupa shimoni. Ya kupaka aliijaribu kwanza kwa kuku wake mwenye shingo isiyo na manyoya. Alimpaka asubuhi na jioni, akimficha Delphine. Kuku akala, akataga, akanenepa, na shingo ikabaki vilevile.

«Uwongo mutupu,» Kahongya akamwambia kuku, na chupa ikaifuata njia ya kidonge.

Kupasuliwa alikuelewa. Ni kama kuhamisha miche ya kitunguu kutoka kitaluni: mche ni wako, shamba ni lako, hakuna anayekushika kamba. Akapata katika simu kliniki moja ya Kampala, akawapigia. Walimwambia neno moja tu lililomkwamisha: kichwa kizima kitanyolewa mpaka ngozi.

Katika ukoo wa Syauswa, mtoto hanyoi mpaka ngozi baba yake akiwa anapumua. Unapunguza, unachonga, lakini wembe wa kumaliza unangoja siku ya kumzika mzazi. Siku hiyo ndugu wote wanakaa mstari mmoja, na mkubwa wao anawanyoa kwa wembe mmoja na maji ya beseni moja. Hivyo watu wanajua nani ni mtoto wa marehemu, bila kuuliza. Leo vijana wa mjini wananyoa kwa kufuata wacheza mpira. Ila Kahongya hakuwa kijana, naye alijua.

Akapanda Kipese na sukari na chumvi. Alimkuta baba yake karibu na moto, akimenya maharagwe. Wakazungumza habari za mvua, za viazi, za barabara. Mwishowe Kahongya akasema, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua:

«Tata, mutu akinyoa kichwa yote juu ya bugonjwa, iko mubaya?»

«Bugonjwa gani?»

«Ya ngozi.»

Mzee akaendelea kumenya. «Kama ni bugonjwa, hakuna mubaya. Utakuja hapa, bataita bandugu yako bote, nitakunyoa mimi mwenyewe na mukono yangu, bote bakiona. Mais mutoto akijinyoa kule mbali, peke yake, na baba yake iko muzima, batu batauliza: amemuzika wapi?»

Hapo mlango ulikuwa wazi. Kahongya angesema neno moja tu. Lakini aliyatazama macho ya baba yake, akaona kama yanacheka. Je, Delphine amempigia simu? Je, ndugu zake wote, na dada yao mkubwa Kasika mwenye ulimi, wangekaa mstari kumtazama Paulin akinyolewa ili apandwe nywele kama bwana arusi? Akameza neno lake.

«Niliuliza tu, tata.»

Akashuka. Baada ya muda si mrefu akaaga kwamba anakwenda Kampala kuleta vipuri, na kweli alileta vipuri vichache, ili uwongo uwe na miguu. Huko walimnyoa, wakamlaza kifudifudi, kisha chali, wakamchimba na kumpanda mchana kutwa. Alikuwa akiwauliza kila mara wanafanya nini na damu waliyoifuta kwa pamba inakwenda wapi. Walimpa vidonge vya kuendelea kunywa nyumbani. Alivitazama, akavijua: ni vilevile vya Beni. Wote ni wamoja, akawaza, na akaviacha chini ya kitanda cha nyumba ya wageni.

Alirudi kwa njia ya Kasindi, amevaa kofia pana. Kwenye mpaka, afisa akaitazama picha ya pasipoti, akamtazama yeye.

«Papa, toa kofia.»

Kahongya akaitoa, akairudisha upesi. Lakini nyuma yake katika mstari alisimama mtu wa Kipese, Mathe, mnunuzi wa ngozi za ng'ombe, aliyekua naye pamoja. Mathe alikuwa ameona kichwa kitupu. Uso wake ukabadilika. Akaja polepole, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

«Mukubwa,» akasema kwa sauti ya chini. «Ni muzee?»

Kahongya aliwaza jambo moja tu: huyu ananichunguza. Nikieleza, kesho Butembo nzima itacheka. Akainamisha kichwa.

«Mathe, tuache ile maneno.»

«Eh, Syauswa!» Mathe akasema, na machozi yakamtoka. «Pole, ndugu yangu. Pole sana.»

Neno moja tu bado lingetosha. Kahongya akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akapanda gari.

Mathe alikuwa mtu mwema, na ubaya wa simu ni kwamba watu wema nao wanazo. Kabla Kahongya hajafika Beni, Kasika alikwishapata habari nyumbani kwake Butembo. Zamani angekuja mtu kwa miguu, mwenye macho yake, aliyeona maiti. Kasika akajaribu kupiga Kipese, mtandao ukakataa, kama kawaida ya milima ile. Akafunga kitambaa kiunoni, akachukua pikipiki, na gari lililojaa majirani na kuni na masufuria likamfuata. Alilia njia nzima. Alipoingia uani akipiga yowe, mzee Syauswa alitoka jikoni na kikombe mkononi.

«Kasika, munalilia nani?»

Kasika akaanguka chini. «Weye, tata!»

«Mimi? Nilikufa lini?»

«Paulin amenyoa! Mathe ameona na macho yake!»

Watu walicheka siku ile, kwa furaha, na masufuria yakapikiwa chakula. Mzee peke yake hakucheka.

Kahongya akaitwa. Alikuja na kofia, na Delphine nyuma yake. Baba yake akamwambia avue. Akakitazama kichwa kile, chenye vipele vyekundu mbele na makovu madogo kisogoni, akakitazama muda mrefu.

«Nilikuambia nitakunyoa mimi mwenyewe.»

«Tata, ni nywele tu. Banapanda nywele.»

Kasika akapiga makofi. «Banapanda nywele! Kama poireaux, kama kitunguu ya majani? Paulin, nywele inaotaka yenyewe, hapana kupandwa. Sema kweli: ulienda kufanya nini Uganda?»

«Yaya, ni kweli,» Delphine akasema, akimwita dada mkubwa kama mumewe amwitavyo. «Mimi pia nimejua leo. Iko na haya ya upara.»

«Haya ya upara!» Kasika akamgeukia. «Na tajiri mwenye kunyoa kwa siri kule Kampala, na baba yake iko hai, weye haujasikiaka bile banasema?»

Wote walikuwa wamesikia. Wanasema mtu wa namna hiyo amekwenda kuutoa uhai wa mzazi ili duka lijae. Mzee akainua mkono.

«Mutoto analilia baba yake mara moja,» akasema. «Huyu amekwisha kunililia. Hana deni yangu.» Akarudi jikoni kwa moto wake, na tangu siku hiyo hakumwuliza mwanawe neno.

Nywele zilizopandwa zilianguka, kama walivyomwambia Kampala, naye akaamini ameibiwa. Kisha zikaota. Zilikuja nyeusi, nene, zimejipanga mbele kama ua. Nyuma yake, utosini, za zamani ziliendelea kudondoka, kama alivyomwambia yule mwanamke wa Kasai, na kiwanja kikapanuka. Msitu mbele, uwanja wa mpira nyuma. Delphine hakumtania tena. Ilikuwa afadhali angemtania.

Msimu wa mvua mzee Syauswa alishikwa na kifua, akafa. Mtu wa miaka themanini na zaidi, kwenye baridi ile. Lakini kilioni maneno yalitembea, na Kahongya akiingia katika kikundi, kikundi kilitazama moto. Yeye aliyewashuku watu wote sasa alishukiwa na watu wote, na hakuwa na neno la kujitetea ila lile la poireaux.

Siku ya kunyoa, ndugu walikaa mstari mmoja uani, na wake zao. Kasika, aliyekuwa mkubwa, alianzia mwisho mmoja na wembe na beseni. Kahongya alikaa mahali pake. Kampala walimwambia kwamba nywele zile hata zikinyolewa zitaota tena. Hakuwaamini. Alijua kwamba anazitoa zisirudi tena. Akavua kofia, akainama, shingo wazi, akangoja maji.

Kasika akafika. Beseni likasimama. Kisha likapita, na wembe ukaanza kichwa cha jirani yake.

«Yaya,» akasema. «Ninyoe.»

«Weye ulishanyoa.»

«Nakuomba, yaya. Toa yote.»

«Juu ya nani?» Kasika hakuinua sauti. «Tata alikuwa mumoja. Ulishamunyolea, na yeye mwenyewe aliona.»

Walipomaliza, waliinuka wote kwenda kuoga mtoni, wadogo na wakubwa, kwa kijia cha mteremko, vichwa vyao vikimeta katika ukungu hata usiweze kumtofautisha huyu na yule. Delphine, kichwa chake kitupu vilevile, alitembea nao hadi kwenye kona ya shamba la viazi, akasimama, akarudi kwa mumewe. Wengine hawakugeuka. Kahongya, kwa kuwa asiyenyolewa haogi na watoto wa marehemu, alibaki juu uani, mkono ukiwa kwenye nywele zake za mbele, akawatazama mpaka kichwa cha mwisho kilipozama katika ukungu, na kwa kuwa hawakumwita tena kwenye jambo lolote la ukoo, hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona pamoja.