Nilimwacha Mama Mkwe Aitwe Mchawi kwa Sababu ya Swichi ya Betri

Jamani, mimi ndiye mkosaji. Soko zima la Kashikishi lilimwita mama mkwe wangu mchawi, na mimi nilijua kwamba shida ni swichi niliyoifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Nilijua, nikanyamaza! Leo nayatema yote, mnitukane mkitaka.

Mimi ni Mkongo, nauza samaki huku upande wa Zambia, kando ya ziwa. Nina gari dogo la Kijapani, kuukuu lakini mbio zake usipime. Siku za kazi linabeba magunia ya chisense, vile visamaki vidogo vya kukausha. Jumapili, watu wakiwa bado kanisani, mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunalishindanisha kwenye kipande cha lami kilichonyooka nje ya mji.

Jumapili moja gari lilinishinda, likaacha lami na kuingia moja kwa moja kwenye chisense ya watu iliyoanikwa juani. Nilitoka na samaki mpaka masikioni! Mke wangu, Chola, akanipeleka mbele ya mchungaji, nikaapa kwamba mbio basi. Tena niliapa kwa sauti kubwa. Mchungaji akasema amina, na mimi nikasema amina.

Mungu anisamehe, sikuacha.

Rafiki yangu Kazadi, fundi na mshindani mwenzangu, aliona jinsi nyaya zilivyotoa cheche siku ile ya chisense. Akaja na sharti jipya.

"Kama hauna swichi ya kukata batri, hautakimbia tena na shiye," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Siku utapinduka, mutu atakukatia moto ya batri namna gani? Kwa maombi?"

Basi tukafunga. Betri tulikuwa tumeshaihamishia nyuma, kwenye buti. Waya wake mnene tukaupitisha kwenye swichi yenye ufunguo mwekundu, na waya wa dinamo tukauunga hapo hapo, ili ukizima swichi injini nayo ife. Swichi ya namna hiyo inatakiwa ikae nje, nyuma ya gari, ambapo mtu yeyote ataifikia. Lakini nje si Chola angeiona! Nikaifunga ndani, ubavuni, nyuma ya kiti cha dereva. Pale siku zote pamejaa nyavu na gurudumu la akiba. Nani atakaa pale?

Mama mkwe, ndiye huyo!

Kwa watu wa mke wangu, mkwe wa kiume hasemi na mama mkwe wake, hamtazami usoni, wala hali naye, mpaka siku ile familia itakapomwingiza nyumbani rasmi kwa chakula. Siku yangu ilikuwa imekaribia, nimeshashona hadi suruali mpya. Kwa hiyo mama mkwe akipanda gari langu, anakaa nyuma yangu kabisa, kitenge kimefunika uso, na mimi nakigeuza kioo kitazame paa. Neno lolote linapita kwa Chola.

Mara ya kwanza kumpeleka sokoni, kwenye meza yake ya chisense, Chola aliondoa nyavu ili mama yake apate nafasi. Tukaenda vizuri mpaka mlangoni mwa soko, mbele ya watu wote, injini ikazimika kama mtu aliyezirai. Mama mkwe akashuka na mfuko wake wa nyanya, akaenda zake. Nikajaribu tena. Likawaka!

Wapakiaji wakacheka. Nami, na huu mdomo wangu, nikawaambia, "Hii motokari inamuogopa bukwe wangu!"

Bukwe ndiye mkwe, na huo ulikuwa utani tu, jamani. Lakini utani ule ulizunguka soko kabla sijamaliza kushusha magunia.

Siku ya soko iliyofuata likazimika tena, palepale. Safari hii nilipeleka mkono nyuma kupapasa, nikagusa mfuko wa plastiki. Nikageuza jicho kidogo tu. Mama wa watu alikuwa ameona kitu chekundu kimechomoza ubavuni, akafanya kile ambacho kila mama wa hapa hufanya akiona kitu kimechomoza: akatundika mfuko wake, apate mikono ya kujifunga kitenge kabla ya kushuka! Na ile swichi ilikuwa imelegea. Uzito ukiivuta, moto wa betri unakatika. Uzito ukitoka, moto unarudi.

Nilikaribia kucheka. Halafu nikakumbuka kiapo changu. Nikimwambia Chola amwambie mama yake autoe mfuko kwenye ufunguo, Chola ataniuliza, ufunguo wa nini?

"Labda ni mafuta machafu," nikasema. Na kuing'oa swichi sikutaka, maana bila hiyo Kazadi asingekubali nikimbie.

Utani ukageuka. Vijana wa baiskeli wanaopeleka samaki bara wakakataa magunia ya mama mkwe. Mwenye mtumbwi mmoja, injini yake ilipogoma ziwani, alirudi akiuliza kama mama yule alikuwa amepita karibu nayo. Wanunuzi kutoka ng'ambo ya ziwa wakaanza kuiruka meza yake. Kazadi aliyejua kila kitu akaniambia, "Utukopeshe bukwe wako Jumapili, tumuweke mu motokari ya ule mwenzetu, izimike!"

Nilicheka. Mungu wangu, nilicheka!

Nyumbani hapakuwa na kicheko. Mama mkwe alikuwa anaenda sokoni na magunia yamejaa, anarudi nayo yamejaa. Chola aliniambia mama yake haongei tena, anauliza tu amemkosea Mungu nini. Niliposikia hivyo nilisukuma sahani. Bado nikanyamaza.

Chola akaamua gari liombewe, tena palepale sokoni, kila mtu aone. Akaja mchungaji, wakaja akina mama wa kanisa na nguo zao nyeupe. Wakaliimbia gari langu, wakalipaka mafuta mpaka taa.

"Washa!" akaamuru mchungaji.

Likawaka. Vigelegele!

"Sasa mama apande."

Mama mkwe akapanda na mfuko wake. Nikasikia plastiki ikikwaruza nyuma yangu. Chola, mdomo wangu wa kusemea, alikuwa nje na wale akina mama. Kabla sijampungia mkono, injini ikafa.

Vigelegele vikakatika. Kisha sauti ya mwanamke mmoja ikatoka katikati ya watu, "Si banakuambia? Muchawi!"

Nyuma yangu, chini ya kitenge, mama mkwe akaanza kulia. Hakupiga kelele. Alilia kama mtu anayeona haya hata kulia.

Hapo nilishindwa. Nikageuka mzima mzima, nikamtazama usoni.

"Mama! Toa ile mufuko ku funguo!"

Weee! Soko lililipuka! Si kwa sababu ya ufunguo, ufunguo nani aliujali? Nilikuwa nimesema na mama mkwe wangu! "Mayo! Anamuongelesha bukwe wake!" Akina mama wakashika vinywa, na mchungaji akasahau chupa ya mafuta, ikamwagikia viatu vyake.

Nikashuka, nikawaonyesha. Mfuko ukitundikwa, linazimika. Ukitolewa, linawaka. Chola akaugusa ule ufunguo mwekundu.

"Na hii ni ya nini?"

Kazadi alikuwepo. Nilimkonyeza ataje wezi, aseme ni ya kuzuia wezi. Akasema, "Njo ya mbio za Jumapili, ba maman."

Siku yangu ya kuingizwa imefutwa, suruali mpya iko sandukuni. Kanisani naketi kiti cha mwisho. Chola anasema nami mambo ya chumvi na sabuni tu. Haya yote ni haki yangu. Kinachoniuma ni kwamba watu walipokea uchawi upesi, swichi hawaitaki. Wengine wanasema mama ndiye aliyeiroga swichi!

Naye mama mkwe alinitumia neno moja kupitia Chola: "Uliza bwana yako. Kama kinywa alikuwa nacho, juu ya nini alingoja mpaka nilie?"

Kwa hiyo sasa kila siku ya soko nakaa mbele ya meza yake, nimempa mgongo kama desturi inavyotaka, napiga kelele, "Kuyeni, batu! Huyu mama haiko muchawi! Mubaya njo miye, mwenye swichi!" Watu wananicheka. Wengine wakishacheka wananunua, na nyuma yangu nasikia anawapimia, bila neno.

Ndugu yangu unayesoma, ukisikia mtu anasingiziwa kitu na wewe unaujua ukweli, sema siku hiyo hiyo, hata kama utaaibika, hata kama mkeo atakufukuza. Gari langu sasa linawaka mara moja. Jina la mama mkwe bado nalisukuma. Usingoje kama nilivyongoja mimi!