Karavani ya Kutoka Sur

Kwa miaka thelathini na kitu mume wangu alitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa tisa alasiri. Katikati ya saa hizo nyumba yetu ya Nizwa ilikuwa yangu. Mimi nilisomesha skuli mpaka magoti yaliponikatalia kusimama, nikaacha, na tangu hapo asubuhi zangu zilikuwa za kushona kofia na kupokea wanawake wenzangu. Tulikuwa wanne, siku nyingine watano, wote wazaliwa wa Unguja na Pemba tulioletwa huku ng'ambo wadogo. Saa nne kila mmoja anavua baibui ukumbini kwangu, anatafuta sindano yake, na Kiswahili kinaanza.

Kisha mume wangu akastaafu. Siku ya kwanza alikaa ukumbini na simu yake, na siku ya pili vilevile. Wenzangu walikuja mpaka mlangoni, wakaona viatu vya kiume ndani mchana huo, wakaniambia kwa sauti ya chini kwamba walikuwa wanapita tu. Baada ya wiki mbili hawakuja tena. Mtu hawezi kuvua baibui na kucheka mbele ya mume wa mwenzake. Sikuwalaumu, na yeye sikuweza kumlaumu; nyumba kaijenga mwenyewe, akae wapi?

Nikinyanyuka ananiuliza, wapi, Bibi? Tangu mjukuu wa kwanza azaliwe yeye ananiita Bibi na mimi namwita Babu. Namwambia naenda jikoni. Nikitoka jikoni, wapi tena? Naenda kuanika. Hakuuliza kwa ubaya. Hakuwa na la kufanya, na ndani ya nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa kitu pekee kinachotembea. Ikafika nikawa naingia chooni, nafunga komeo, nakaa juu ya ndoo iliyofunikwa na kutazama vigae, kwa sababu pale tu ndipo nisipoulizwa. Tulikwenda hivyo miezi mitano.

Siku moja akaja na simu mkononi kunionyesha picha ya karavani, nyumba ndogo nyeupe ya magurudumu mawili, ya kuvutwa na gari. Kuna mtu Sur, mtaa wa Aija, aliiagiza kwa ajili ya mwanawe, na mwana hakuitaka. Ilikuwa mpya, haijalaliwa hata mara moja. Mume wangu alikuwa hajachangamka namna ile tangu siku aliyorudisha ufunguo wa ofisi. Alisema majira ya baridi yanaingia, tutazunguka nchi yote, sisi wawili. Nilisema inshallah. Kwetu neno hilo lina nafasi kubwa, na mimi nilijificha humo.

Tulishuka Sur siku ya Ijumaa, tukalala kwa binti wa khaloo wangu, ndugu wa mama, na Jumamosi asubuhi tukavuka daraja kwenda Aija. Karavani ilikuwa imesimama pembeni mwa nyumba ya kizamani yenye mlango wa kuchonga, na watoto wa mtaa walikuwa wamekwisha kuandika majina yao kwenye vumbi lake. Nikapanda ndani. Magodoro yalikuwa bado na plastiki. Mume wangu akaja nyuma yangu, amejipinda kidogo ili kilemba kisiguse dari, akinionyesha: hapa utapika, hapa tutakunywa chai, hapa tutalala. Kutoka kitandani mpaka jikoni nilipiga hatua tatu. Choo kilikuwa kabati lenye pazia. Nikalitazama lile pazia lisilokuwa na komeo, nikashuka nikasema ndani kuna joto.

Muuzaji alimfundisha namna ya kuifunga kwenye gari na namna ya kuzungusha mkono wa chuma unaoteremsha gurudumu dogo la mbele. Akamuuliza kama amewahi kuvuta kitu nyuma ya gari. Mume wangu akajibu kwamba amewahi. Mimi nimeolewa naye miaka thelathini na sita na sijapata kumwona anavuta hata mkokoteni.

Safari ile, ambayo kwa kawaida hatuihesabu, siku hiyo haikuwa na mwisho. Alikwenda kilomita sabini kwa saa, usukani kaushika kwa mikono miwili, hageuki. Malori yalitupita yakipiga honi. Tulipofika Bidiya, upepo ukaleta mchanga barabarani na karavani ikaanza kuyumba kule nyuma, ikituvuta kushoto, ikituvuta kulia, kama mtu aliyekushika nguo na hataki uende. Aliniambia nizime redio. Baadaye aliniambia nisizungumze. Nikashika tasbihi yangu.

Nilikuwa na haja ya kwenda chooni tangu tulipopita Al Kamil. Nikamwambia, naye akasema tutasimama kituo cha petroli kinachofuata. Tukakipita. Tukapita cha pili. Cha tatu kilikuwa na nafasi na msikiti na kila kitu, na gari letu likakipita vilevile, naye macho mbele. Hapo ndipo nilipoelewa. Hasimami kwa sababu akisimama itambidi atoke, na huenda kutoka kukataka kurudi nyuma, na kurudi nyuma na karavani hajui. Tulikuwa wafungwa wa kwenda mbele. Nilimtazama shingo yake, jasho limefika kwenye ukosi wa kanzu yake ya dishidasha na baridi ya gari imewashwa mpaka mwisho, nikashindwa kumkasirikia na nikashindwa pia kutokasirika.

Karibu na Ibra tulikuta foleni, lori limeharibika mbele. Ramani ya simu ikasema kuna njia nyingine upande wa kulia, inapita mashambani na kutokea mbele ya lile lori. Akaifuata. Mwanzo ilikuwa lami, kisha ikawa udongo, kisha kuta za mashamba ya mitende zikaanza kutusogelea pande zote mbili. Nilimwambia njia inakuwa nyembamba. Alisema naiona. Hakuwa na namna nyingine. Nyuma hakukuwa kwake.

Kwenye kona tulisikia mkwaruzo mrefu, kisha kishindo, na gari likasimama. Kona ya karavani ilikuwa imeuma ukuta. Akajaribu kurudi nyuma. Karavani ikajikunja, ikapiga ukuta wa pili, na gari nalo likasukumwa ubavu. Mbele yetu, kiasi cha hatua kumi, kulikuwa na tao la lango la mtaa wa kale, na hata mimi nisiyejua gari niliona kwamba hatupiti pale. Akazima injini. Nikafungua mlango wangu; ukafunguka upana wa kiganja, ukagota ukutani. Wake ndio hata kiganja haukutoa. Mlango wa nyuma wa gari haukuweza kunyanyuka, kwa sababu pua ya karavani ilikuwa imeukaribia. Tulikuwa ndani, na njia ya kutoka hakuna.

Nilimwambia ampigie simu mwanetu aliyeko Maskati. Akasema ngoja kwanza. Nikangoja. Aliwasha injini, akaizima. Aliteremsha kioo, akagusa ukuta kwa vidole kama anayetaka kujua umejengwa kwa nini. Kulikuwa na harufu ya udongo mbichi na ndimu, na upande wa pili wa ukuta maji ya falaji, mfereji wa mashamba, yalisikika yakipita. Kwa mtu aliye na haja yangu, sauti ile ilikuwa adhabu. Nusu saa ikapita. Nikamwambia tena kuhusu simu, akasema hataki mwanawe amwone hivi.

Kisha nikasema kitu ambacho sikupanga kukisema.

"Babu, mie sitaki kukaa humu."

"Na mimi sitaki. Atapita mtu."

"Sisemi gari. Nasema hiyo karavani. Sitaki kuzunguka nchi. Sitaki kulala mahali ambapo nikigeuka nakuona, nikinyanyuka unaniona. Nyumba yenyewe imeshanishinda kwa kukaa nawe saa zote, itakuwa hicho kibanda?"

Nilikuwa nimeangalia ukuta wakati nasema. Nilidhani nimemvunja. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani wa gari lililozimwa. Aliposema, alisema polepole, kama anayesoma mwandiko mbaya.

"Pale nyumbani mimi sina pahala. Nikikaa ukumbini, wenzako hawaji, unadhani sioni? Nikiingia jikoni unaniambia nipishe. Juzi nilitafuta kijiko, nikafungua droo nne. Miaka yote hii, na sijui vijiko viko wapi. Nikasema ninunue kitu ambacho na wewe pia hujui vijiko viko wapi. Tuanze sawa."

Miezi mitano nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyefungiwa, na yeye ndiye mlinzi. Kumbe alikuwa akiniuliza naenda wapi kwa sababu yeye hakuwa na pa kwenda. Nilitaka kumshika mkono, lakini nilikuwa na hasira bado, na haja bado, na hivyo vitu havikukaa vizuri pamoja. Nikamwambia tu kwamba vijiko viko droo ya pili, chini ya ile ya visu.

"Hiyo niliifungua," akasema.

"Hukutazama nyuma."

Mwanamke mmoja akatokea chini ya lile tao, amebeba majani ya mbuzi kichwani. Alipotuona alisimama. Alitutazama kwa kupitia kioo cha mbele, akatua mzigo wake, akatusalimu salamu kamili, afya zetu, watoto, habari za tulikotoka, nasi tukajibu kila moja kutoka ndani ya gari. Mwisho akauliza tunakwenda wapi. Mume wangu akasema Nizwa. Akatuambia, bila kucheka, kwamba Nizwa haipitii huku. Kisha akamwita mumewe kwa kupiga kelele juu ya ukuta.

Mumewe akaja na wafanyakazi wanne wa shambani. Waliruka ukuta wakaingia kati ya gari na karavani. Mume wangu alitakiwa awaambie namna ya kuifungua, na hakumbuki vizuri, na kutoka hawezi. Alikuwa akipaza sauti kwa kupitia kioo cha nyuma, zungusha kulia, hapana, kushoto, na mmoja wao akamjibu kwa upole kwamba ameshafungua zamani. Wakaisukuma karavani kwa mabega mpaka ikaachia ukuta. Mlango wa nyuma ukanyanyuka.

Nilitoka kwa kutambaa. Mwanamke wa umri wangu, mwalimu wa zamani, nilipanda juu ya viti, nikapita katikati ya mifuko na birika, baibui limenasa kwenye mkanda, na nikateremka kinyumenyume huku wanaume wote wamegeuza nyuso kwa adabu. Yule mwanamke alinipokea mkono. Hakuniuliza kitu, alinipeleka moja kwa moja chooni kwake. Baadaye nilitia udhu kwenye falaji, nikasali chini ya mitende, na nilipotoa salamu nilibaki nimekaa pale juu ya mkeka. Kulikuwa na nafasi kila upande wangu. Nilikaa mpaka kahawa waliyoniletea ikapoa.

Mwenye shamba aliwahi kuendesha magari ya kubebea maji. Alimwomba mume wangu ufunguo, akaingia kwa mlango wa nyuma, na karavani ilipofungwa tena akaitoa kinyumenyume kichochoro chote, kuta zote mbili, bila kugusa. Mume wangu alisimama kando yangu, mikono nyuma, akitazama mtu mwingine akiendesha furaha yake. Nilisogea mpaka bega langu likagusa lake. Hakusogea.

Tulifika Nizwa jua limekwisha kuzama. Hatukuzungumza mengi njiani, lakini aliposimama kituo cha petroli nilipomwomba, akazunguka jengo zima ili atoke bila kurudi nyuma, nilicheka, na yeye akacheka kidogo.

Karavani ikawekwa nje, ubavuni mwa ukuta wetu. Wiki ya kwanza alikwenda kuiosha. Wiki ya pili alitia humo birika, redio na kiti, na asubuhi akawa anahamia huko baada ya chai, akirudi adhuhuri. Rafiki zake wa ofisi ya zamani wakaanza kumtembelea, wanakaa kwenye ngazi yake na kubishana. Nikawatumia wenzangu ujumbe kwamba nyumba iko wazi. Walikuja wote. Mmoja alichungulia ukumbini kwanza, kuhakikisha.

Nisiseme kwamba yameisha. Jioni bado ananiuliza naenda wapi, na siku nyingine bado nafunga lile komeo na kukaa. Mwezi wa pili alinishawishi tukapige kambi Tanuf, nusu saa tu kutoka nyumbani, na nikaenda, kwa sababu nilikwisha kusikia alichokisema kwenye kile kichochoro na siwezi kujifanya sikukisikia. Usiku wa kwanza ulikuwa mzuri. Siku ya pili mchana pumzi zilinipungua, nikamwambia.

Hakununa. Aliifungua karavani kwenye gari peke yake, akaweka kabari chini ya magurudumu, akanirudisha nyumbani, akageuza gari akarudi Tanuf kwenda kulala. Nilisimama mlangoni mpaka taa za nyuma zikapotea. Kisha nikaingia nikakaa ukumbini, kwenye kiti chake, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.